Binti Aliyekimbia Aljebra

Mzee mmoja katika wasomaji wetu ameniletea suala ambalo naona lawahusu wazazi wengi. Binti yake, ambaye tangu skuli ya msingi hapana aliyempita katika hisabu, ameingia chuo kikuu kuisoma hisabu yenyewe. Hata miezi mitatu haijatimia, amepiga simu akilia, ataka kuhama. Asema kuna somo liitwalo aljebra ya mstari ambalo nambari ndani yake ni haba. Kutwa ni kuthibitisha tu. Na mjomba wake asema hisabu haina kazi illa ualimu, karo yapotea bure. Je, amwache ahame?

Elimu yangu mimi ni ya chuoni na ya skuli ya msingi. Lakini katika wale niliowasomesha Juzuu Amma wapo waliolisoma somo hilo hatta wakalimaliza, nami nimewahoji sana.

Jina lake tunalo wenyewe. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alitunga kitabu chake cha al-jabr huko Baghdad kiasi cha mwaka 820, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Lile lisilojulikana aliliita "shay", yaani kitu. Basi tuseme amekufa mtu, ameacha mke, wana wawili na mabinti watatu, na baada ya madeni na wasia zimebaki shilingi 8,000,000. Mke apata thumni, 1,000,000. Fungu la binti tuliite kitu. La mwana ni vitu viwili. Jumla ni vitu saba, navyo ni sawa na 7,000,000. Kila binti 1,000,000, kila mwana 2,000,000. Hiyo ndiyo aljebra ya mstari, ya kitu kimoja.

Chuo kikuu vitu huwa vingi. Godfrey Hounsfield, Mwingereza, alitengeneza mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa cha mtu, na mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971. Picha ile iligawiwa vyumba 80 kwa 80, yaani vitu 6,400 visivyojulikana. Kila mwali upitao kichwani waleta jumla ya vyumba ulivyovipita, na kwa jumla hizo hutafutwa kila chumba kina nini. Mwaka 1979 alipewa Tunzo ya Nobel ya tiba pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeitafuta hisabu ya jambo hilo kabla yake.

Sasa hapo ndipo kuthibitisha kunapotakiwa. Leo umenunua kilo mbili za mchele na moja ya sukari kwa 9,000. Kesho, bei zile zile, kilo nne na mbili kwa 18,000. Khabari ya pili haikuongeza neno, na bei ya mchele hutaijua. Ukiambiwa 20,000, basi khabari mbili hizo hazipatani, wala hapana jawabu. Katika vitu viwili jicho laona. Katika 6,400 jicho halioni kitu, na mgonjwa amelala pale. Yataka ijulikane kwa hoja kwamba jawabu lipo, na kwamba ni moja. Hilo ndilo binti anafundishwa.

Ama mjomba, na aulize benki, bima, na wanaotabiri mvua, ni nani wanaowaandika kazi.

Mzee wangu, usimjibu binti katika machozi yake. Mwambie kila akipewa hoja asiyoifahamu, kwanza aifanye kwa mkono kwa vitu viwili tu, kama mchele na sukari, kisha airudie. Na asome pamoja na wenziwe, asijifungie chumbani. Akishaona matokeo ya mtihani wa kwanza ndipo lije shauri la kuhama, na shauri hilo ni lake na lenu wazazi wake. Mjomba aarifiwe baadaye.