Heroe wa Natron: Jehanamu ndiyo wodi yao ya uzazi

Mkazi wa Kikatiti akitaka kuona heroe, wale ndege wa pinki ambao wengi wanawaita flamingo, haendi mbali. Wapo maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ila pale wanakula tu. Kuzaa ni habari nyingine.

Kwa uzazi wanategemea Ziwa Natron, kaskazini mwa mkoa huohuo. Inakadiriwa robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wanazaliwa hapo.

Kwa nini huko?

Natron ni magadi matupu. Maji ya kina kifupi yanaweza kufika nyuzijoto 60. Mwaka 1954 mtafiti Leslie Brown alijaribu kuvifikia viota kwa miguu. Aliungua miguu hadi akalazwa hospitali.

Sasa hapo ndipo penye siri. Pasipopitika kwa binadamu, hata fisi na mbweha hawapiti. Heroe anajenga kichuguu cha tope katikati ya magadi, anataga yai moja, na wazazi wanapokezana kuatamia kwa takriban siku 28.

Pengwini kaisari wa Antaktika anacheza mchezo huohuo kwenye baridi. Dume anabeba yai juu ya miguu yake kwa zaidi ya miezi miwili, katikati ya majira ya baridi, bila kula. Yeye analindwa na barafu, heroe analindwa na magadi.

Hatari iko wapi?

Ulinzi huo ni mwembamba. Maji ya Natron yakijaa sana, viota vinazama. Yakikauka sana, fisi anatembea hadi kwenye yai. Pengwini nao yamewakuta: mwaka 2022 barafu ya Bahari ya Bellingshausen ilivunjika mapema, na makoloni manne kati ya matano yakapoteza vifaranga.

Chakula nacho ni tatizo. Utafiti uliochapishwa 2024 kuhusu maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki ulionyesha kuwa maji yanapoongezeka, mwani wanaokula heroe unapungua.

Vipi kuhusu magadi yenyewe?

Magadi ni pesa: yanatengeneza kioo na sabuni. Mpango wa kiwanda pale Natron ulipingwa vikali, na mwaka 2008 kampuni ya Tata Chemicals ikajitoa. Baadaye macho ya serikali yakahamia Engaruka, kusini zaidi, ambako magadi yapo na heroe hawazalii.

Hilo linaonyesha kwamba mjadala si "ajira au ndege". Ni suala la kuchagua mahali. Magadi yanaweza kuchimbwa kwingine. Heroe wa Afrika Mashariki hawana wodi nyingine ya uhakika, na siku Natron ikiharibika, Momella nayo itabaki maji tu.