Jina Moja, Vifaru Vingi

Watu wa visiwani hatuna sababu kubwa ya kuvijua vifaru vya vita. Chombo cha chuma chenye uzito wa tani 40 na zaidi hakina malisho baina ya mikarafuu na mikoko, na ulinzi wetu tangu zamani umetazama baharini. Hata hivyo vifaru hupita mlangoni mwetu. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli iitwayo Faina, iliyokuwa safarini kutoka Ukraine kwenda Mombasa, mji ambao nao ni kisiwa, na ndani yake mlikuwa na vifaru 33 vya aina ya T-72. Ilishikiliwa hadi Februari 2009, ikaachiliwa baada ya kulipwa fidia iliyotajwa kuwa dola za Marekani milioni 3.2, kisha ikatia nanga Mombasa. Katika miezi ile yote watu walibishana juu ya swali moja: vifaru vile ni vya nani? Serikali ya Kenya ilisema ni vyake. Habari nyingine zilisema vinakwenda Sudan ya Kusini, na nyaraka za kibalozi za Marekani zilizofichuka mwaka 2010 zikaziunga mkono habari hizo. Swali la pili, ambalo kwa maoni yetu lina uzito uleule, hatukulisikia likiulizwa sana: ni T-72 cha namna gani?

Huenda msomaji akaona kwamba hilo ni jambo la mafundi na wanajeshi. Sivyo.

T-72 kilizaliwa kwa ajili ya kupunguza gharama. Umoja wa Kisovieti ulikuwa tayari na kifaru kipya, T-64, kilichobuniwa Kharkiv, chenye silaha kali lakini chenye injini ngeni, ghali na yenye kusumbua. Mafundi wa kiwanda cha Uralvagonzavod huko Nizhny Tagil, wakiongozwa kwanza na Leonid Kartsev na kisha na Valeri Venediktov, walishika njia rahisi zaidi. Walichukua injini ya dizeli ya nguvu za farasi 780, ya ukoo wa ile iliyokiendesha kifaru T-34 katika Vita Kuu ya Pili, wakaiweka pamoja na mzinga wa milimita 125. Mwaka 1973 jeshi likakikubali, na tangu hapo vimetengenezwa kwa maelfu mengi.

Sifa yake kubwa ndiyo iliyokuja kuwa balaa lake. Badala ya askari wa nne wa kupakia makombora, mafundi waliweka mtambo unaozunguka kama sinia chini ya miguu ya askari, umebeba makombora 22 pamoja na baruti zake. Askari wakabaki 3 tu, na kifaru kikawa kifupi, chepesi na kigumu kulengwa. Lakini askari hao wamekaa juu ya ghala la baruti, na makombora ya ziada yamepangwa kando yao bila ukuta wa kuwatenga nayo. Kombora la adui likipenya ubavuni na kuifikia baruti hiyo, yote hulipuka kwa pamoja, na kichwa cha kifaru hurushwa hewani na mzinga wake. Hayo yalionekana Iraq mwaka 1991, yakaonekana Grozny majira ya baridi ya 1994 na 1995, na tangu Februari 2022 yameonekana Ukraine kiasi cha kuchosha macho. Katika mlipuko wa namna hiyo hakuna anayewahi kufungua mfuniko akatoka.

Basi tuje kwenye majina. T-72A cha mwaka 1979 kilipata kipimo cha umbali cha leza na kichwa chenye ngao nzito zaidi. T-72B cha mwaka 1985 kiliongezewa ngao tena, injini ya farasi 840, na uwezo wa kurusha kombora la kuongozwa kupitia mdomo wa mzinga. Mwaka 1992 mtoto wake alipewa jina la T-90, na jirani zetu Waganda wanacho. Wahindi walikiita chao Ajeya, Wapoland wakazaa PT-91, Wayugoslavia M-84. Mgongo huohuo umebebeshwa madaraja ya kuvukia mito, mitambo ya kuvutia vifaru vilivyokwama, hata maroketi.

Majina yanayotuhusu sisi zaidi ni T-72M na T-72M1. Herufi M walipewa wateja wa nje. Ngao ya vifaru hivyo ilikuwa dhaifu kuliko ya vile vilivyobaki nyumbani, na makombora yaliyouzwa pamoja navyo mara nyingi yalikuwa ya daraja la chini. Hata Poland na Czechoslovakia, waliovitengeneza wenyewe kwa leseni, walipewa michoro ya aina hiyo. Tarehe 26 Februari 1991 askari wa Iraq walikutana jangwani na Abrams vya Marekani, vyenye darubini zinazoona joto la injini kupitia vumbi na giza. Wengi walipigwa kabla ya kumwona aliyewapiga.

Wapo waliosema baada ya hapo kwamba T-72 ni chuma chakavu. Hatuafikiani nao. Kifaru chenye ngao kamili, makombora mapya, darubini nzuri na askari waliofunzwa ni kitu kingine kabisa, ijapokuwa sinia la baruti limebaki palepale hata katika T-90. Tunachokataa ni kununua jina. Ethiopia, Kongo na Sudan Kusini wanavyo vifaru vya ukoo huu, na watakaoketi ndani yake ni vijana watatu watatu ambao hawakushirikishwa katika kutia saini mkataba.

Wakubwa watatujibu kwamba mambo ya ulinzi ni siri. Mipango ya vita, naam. Lakini Faina ilipotekwa, manowari za Marekani ziliizingira na dunia nzima ikajua idadi ya vifaru vilivyomo. Maharamia walijua. Aliyebaki gizani ni mlipa kodi. Wabunge wanaweza kuketi faraghani na kuuliza vifaru vilitengenezwa mwaka gani na kiwanda gani, makombora yake yana umri gani, vipuri vitatoka wapi mwuzaji akiingia vitani yeye mwenyewe, kama ilivyoikuta Ukraine. Na afisa wa forodha anayepokea hati iliyoandikwa vifaru 33 vya T-72 apewe amri ya kuirudisha hadi iandikwe ni T-72 vipi, na mwenyewe ni nani.