Usajili wa Chuo Huanzia Nyumbani: Hesabu ya Mwanafunzi wa Kayanga

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

Kwa miaka ya hivi karibuni, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) limekuwa likitangaza matokeo ya kidato cha sita mwezi Julai, na vyuo vikuu vingi vimekuwa vikiwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza kati ya Oktoba na Novemba. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna takriban miezi mitatu. Kwa familia za Kayanga na vijiji vya Karagwe na Kyerwa, miezi hiyo huangukia msimu wa kahawa, wakati mzazi anapohesabu malipo ya mazao yake akipanga nauli, godoro na ada ya mtoto. Hesabu ya fedha hupewa uzito unaostahili. Hesabu ya nyaraka na ya masomo, ambayo nayo ina gharama yake, mara nyingi huachwa hadi siku ya usajili.

Serikali imepanua fursa ya elimu ya juu kwa kiwango kinachoonekana. Fedha zilizotengwa kwa mikopo ya wanafunzi ziliongezeka kutoka shilingi bilioni 464 mwaka 2020/2021 hadi bilioni 654 mwaka 2022/2023, na posho ya chakula na malazi ikapanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kuanzia mwaka 2023/2024, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ilianza pia kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Maombi ya udahili na ya mkopo hufanyika kwa mtandao, hivyo kijana wa Kayanga halazimiki kusafiri hadi Dar es Salaam kupeleka bahasha.

Hata hivyo, mtandao umeondoa umbali wa kuomba, haujaondoa umbali wa kurekebisha. Mwanafunzi anayeishi Dar es Salaam akigundua siku ya usajili kwamba cheti chake kina dosari, hupanda daladala kurudi nyumbani na kesho yake akarejea chuoni. Aliyetoka Kayanga amekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 1,000, na cheti anachokihitaji kiko kabatini kwa mzazi wake, au hakipo kabisa. Kosa ni lile lile, lakini gharama yake kwa hawa wawili hailingani. Ndiyo maana maandalizi ya usajili yana uzito zaidi kwa familia iliyo mbali na chuo.

Jambo la kwanza ni jina. Katika Karagwe na Kyerwa, majina mengi ya Kinyambo huanza na silabi “Mu”, ambayo mwandishi aliyezoea tahajia ya Kiswahili huiandika “M”. Mugisha wa cheti cha kuzaliwa anaweza kuwa Mgisha katika cheti cha kidato cha nne. Herufi “l” na “r” nazo hubadilishana nafasi kwa namna hiyo hiyo. Nyumbani hakuna anayeliona hilo kuwa tatizo, kwa kuwa watu wote wanamjua mwenye jina. Mfumo wa kompyuta hulinganisha herufi tu, na kwake hao ni watu wawili. Kwa kawaida vyuo humsajili mwanafunzi kwa jina lililo katika vyeti vyake vya mitihani. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa na akaunti ya benki vikitofautiana nalo, uhakiki unaweza kukwama na malipo yakachelewa.

Tiba yake ipo na inapatikana mapema. Vyeti vya kuzaliwa vinasimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambao ndio huhakiki pia vyeti vinavyoambatishwa katika maombi ya mkopo, kikiwamo cheti cha kifo cha mzazi kwa mwombaji yatima. Huduma ya usajili wa vizazi na vifo inapatikana katika ngazi ya wilaya. Tofauti ya jina inayohitaji hati ya kisheria hushughulikiwa na wakili. Kazi hiyo ikifanyika Agosti mwombaji akiwa nyumbani huwa ni usumbufu wa siku chache, lakini ikisubiri Novemba huweza kuwa sababu ya kukosa muhula.

Wakazi wa Kyerwa wana jambo moja la ziada. Wilaya yao ilianzishwa mwaka 2012 kwa kugawanywa Wilaya ya Karagwe. Vijana wengi wanaoingia vyuoni sasa walizaliwa kabla ya mwaka huo, na vyeti vilivyotolewa wakati huo hutaja Karagwe. Hilo si kosa. Kinachotakiwa ni kujaza fomu kama cheti kinavyosomeka, badala ya kuandika wilaya anayoishi mwombaji hivi sasa.

Jambo la pili ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Namba hiyo humtambulisha mwombaji katika udahili na katika mkopo. Aliyerudia mtihani na kuwa na namba zaidi ya moja anapaswa kutumia ile ile katika maombi yote mawili, ili mikopo na udahili vimsome kuwa mtu mmoja. Aidha, aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hana budi kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kukaa kimya kwa matumaini ya kuamua baadaye ni kuiweka nafasi yenyewe hatarini.

Jambo la tatu, ambalo huzungumzwa kidogo kuliko yote, ni uchaguzi wa masomo yenyewe. Wengi huichukulia wiki ya maelekezo kuwa siku za kupanga foleni na kupewa kitambulisho. Kwa hakika, hiyo ndiyo wiki ambayo mwanafunzi huamua atasoma nini na kwa mzigo gani. Katika mfumo wa TCU, kredi moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu huhitaji angalau kredi 360, yaani 120 kwa mwaka. Maana yake ni saa 1,200 kwa mwaka, au 600 kwa muhula. Ukizigawa kwa wiki 15, unapata saa 40 kila wiki, zikijumuisha mihadhara, maabara, maktaba na kazi za binafsi. Hiyo ni kazi ya mtu mzima ya wiki nzima. Kijana anayepanga kufanya biashara ndogo ili kujikimu anapaswa kuijua hesabu hii kabla ya kupanga ratiba yake.

Vyuo hugawa kozi katika za lazima na za hiari, na baadhi ya kozi za mwaka wa pili hazifunguki mpaka mwanafunzi awe amefaulu kozi tangulizi ya mwaka wa kwanza. Mfano mzuri ni mwanafunzi wa ualimu. Masomo mawili ya kufundishia anayoyachagua mwanzoni humfuata hadi kwenye ajira, kwa kuwa matangazo ya nafasi za walimu hutaja somo. Uamuzi huo ukifanywa kwa kumfuata rafiki aliye mbele katika foleni, gharama yake huonekana miaka mitatu baadaye.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anapokutana na mshauri wake wa masomo asiende mikono mitupu. Aende na barua ya udahili, matokeo yake na mwongozo wa programu aliouchapisha au kuupakua mapema, akiwa na maswali machache yaliyoandikwa: kozi zipi ni za lazima muhula huu? Zipi zinafungua njia ya masomo ya mwaka wa pili? Mwisho wa kuongeza au kuondoa kozi ni lini? Nikishindwa kozi moja, taratibu zinasemaje? Swali hili la mwisho lina uhusiano wa moja kwa moja na mkopo, kwa kuwa mwanafunzi anayeendelea huhitaji kufaulu ili malipo yake yaendelee.

Wazazi nao wana sehemu yao. Ada ya chuo cha umma hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali, si kwa namba ya simu ya mtu anayejitambulisha kuwa ofisa wa chuo. Ni vema pia kukumbuka kwamba mkopo haumsubiri mwanafunzi getini: huanza kulipwa baada ya usajili kukamilika na mwanafunzi kusaini. Fedha za kujikimu kwa majuma ya mwanzo ni lazima zitoke nyumbani, na msimu wa kahawa ndio wakati wa kuzitenga.

Ujenzi wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Kagera, chini ya Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), unasogeza chuo karibu na wananchi wa mkoa huu. Kwa walio wengi, hata hivyo, safari ya Dodoma, Morogoro, Mwanza au Dar es Salaam bado ipo. Nafasi ya chuo imepatikana kwa jasho la mwanafunzi na mkopo umetengwa kwa kodi ya Watanzania. Isingefaa vyote viwili vikwame kwa herufi moja au kwa kozi iliyochaguliwa kwa haraka. Kabla ya kukata tiketi ya basi, familia ikae pamoja, vyeti vyote viwekwe mezani, na jina lisomwe herufi kwa herufi.