Namba ya Siri ya Mzee ni Amana

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu Waislamu, Pensheni Jamii ilipoanza Zanzibar mwezi wa Aprili 2016, mkaazi aliyetimiza miaka 70 alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuulizwa kama ni tajiri au masikini. Hiyo ni haki ya mzee mwenyewe, si ya nyumba yake.

Wapo wanaosema kuwa pesa za simu ni fitna, na wazee warudi kwenye foleni. Hatukubaliani nao. Kumsimamisha bibi wa miaka 80 juani si ucha Mungu. Chombo hakina dhambi. Dhambi ni ya mkono unaokishika.

Na mikono hiyo ni yetu. Mzee mwenye mtoto wa jicho haoni tarakimu, hivyo humpa mjukuu simu pamoja na namba ya siri. Mjukuu hutoa elfu hamsini, humkabidhi bibi thalathini, na akiulizwa husema: "Makato." Huo ni wizi, hata ukifanywa chini ya dari moja. Suratun Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe.

Yupo na mwengine, aliyeko Maskati au London, atumaye pesa kila mwisho wa mwezi akadhani amemaliza. Suratul Israa, aya ya 23, imeuweka wema kwa wazazi sambamba na ibada. Je, simu itampandisha mzee ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe? Itamgeuza kitandani?

Wahudumu wa afya wa jamii nao hupita nyumba kwa nyumba wakiandika khabari katika simu. Maradhi ya mzee ni siri yake, si mazungumzo ya barazani.

Tunawataka maimamu, mjini na shamba, kila msikiti uteue mwanamme na mwanamke waaminifu wa kufuatana na wazee kwa wakala. Pesa zihesabiwe mkononi mwa mwenyewe. Asiyeona na achague wa kumwamini, mbele ya mashahidi wawili.

Sebleni na Welezo zipo nyumba za wazee wasio na wa kuwatunza. Tusimfanye mzee aliye kwake, mwenye watoto saba, kuwa mmoja wao.

Wabillahi tawfiq.