Pikapu ya Baba, Foleni ya Mama

Akina dada mliofungua ukurasa huu mkitafuta habari za mapenzi naomba mnisamehe, maana mwezi huu tunaongea magari. Dizeli, tela, breki, mambo ya gereji kabisa. Ila msifunge kwanza. Kwa ajili ya pikapu, mimi na baba watoto tulikaa siku nne hatusalimiani, tunapishana koridoni kama wapangaji. Kama hiyo si habari ya mapenzi basi sijui.

Wasomaji wa siku nyingi mnakajua kamradi ketu ka turubai na viti. Siku za kazi mimi nipo ofisini Posta, mwenzangu anabebwa na basi la kazini kwao. Ikifika Jumamosi alfajiri tunavaa raba, tunapakia: viti mia mbili vya plastiki, turubai mbili na mabomba yake, meza za kukunja, vitambaa. Kichen pati, sendofu, arobaini, tunaenda kote. Mzigo wote ulikuwa unapanda kwenye tela, na tela linavutwa na kigari chetu cha petroli, kile kile ninachoendea kazini. Mwaka mzima kilivuta, tukajiona wajanja.

Sasa Jumamosi moja tunashuka mteremko wa Goba, binti yetu amekaa nyuma anatafuna mahindi. Mbele bajaji ikasimama ghafla. Baba watoto akakanyaga breki. Gari likapunguza mwendo, tela halikupunguza. Nikahisi tunasukumwa nyuma, halafu tela likaanza kwenda kushoto, kulia, kushoto, na gari linalifuata. Nilichofanya mimi ni kupiga kelele tu, nisiwadanganye. Yeye akaachia breki, akashusha gia, akaliacha lijinyooshe, tukaja kusimama gurudumu moja likiwa mtaroni, hatua tatu hivi kutoka kwenye masufuria ya mama ntilie. Hakuna aliyeumia. Yule mama alitusema vizuri sana, na alikuwa na haki yake. Mume wangu hakufungua mdomo mpaka tunarudi nyumbani, na hata usiku hakuligusia.

Wiki mbili baadaye natafuta namba ya fundi wa paa kwenye simu yake (simu zetu hazina siri, au ndivyo nilivyodhani) nakutana na ujumbe kutoka yadi ya magari: kishika nafasi chako, milioni tatu, kimepokelewa. Wapendwa, hizo zilikuwa fedha za paa la nyumba yetu ya Mapinga! Nikamuuliza gari gani. Akajibu huku akiangalia ukutani: Ford Ranger ya dizeli, lita 3.2, silinda tano, gia za mkono, matairi yameinuliwa. Akasema kama mtu anayetaja jina la mtoto wake wa kwanza. Nikamuuliza, nani ataliendesha Jumatatu mpaka Ijumaa, Tegeta hadi Posta, kilomita 25 hivi kwenda na hivyo hivyo kurudi? Kimya. Ndipo zilipoanza zile siku nne.

Aliyetutoa kwenye kimya ni kaka yangu, ambaye ni fundi wa dizeli. Alikuja Jumapili kula pilau, akanusa hali ya hewa, akasikiliza pande zote mbili, halafu akauliza swali moja tu: "Shemeji, hilo tela lenu likiwa na mzigo lina kilo ngapi?"

"Halifiki mia saba."

"Umepima?"

Nani anapima tela jamani? Kesho yake jioni wakalivuta na gari la kaka mpaka yadi moja ya vyuma chakavu yenye mizani ya malori. Tela tupu, kilo 420. Viti, 460. Turubai na mabomba, 360. Meza na vikorokoro, 120. Jumla kilo 1,360! Karibu mara mbili ya makisio ya bwana mkubwa, na mwaka mzima lilikuwa linaning'inia nyuma ya kigari changu cha ofisini.

Hapo kaka akatutolea darasa ambalo natamani mtu angenipa kabla ya Goba. Ukisoma vitabu vya hizi pikapu za tani moja, kila mmoja unajisifu: kilo 3,500, uzito wa tela. Ranger ya 3.2 inayo hiyo namba, Hilux ya lita 2.8 ya miaka hii inayo, Isuzu D-Max ya lita 3.0 inayo. Lakini hiyo ni namba ya tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki kitabu hicho hicho kinaandika kilo 750, na ni hivyo hivyo karibu kwa zote, iwe na injini ndogo au kubwa. Letu lilikuwa halina breki hata moja. Kwa maana hiyo ile Ranger ya baba watoto ingepanda mlima wa Goba ikiimba, halafu kwenye kushuka tungekuwa pale pale kwa mama ntilie.

Mume wangu akainamisha kichwa. Kisha akasema taratibu, sio kwangu, kwa kaka: "Nilitaka kitu kikubwa. Tangu siku ile kila nikifumba macho namuona mtoto kule nyuma." Siku zote hizo mimi nilidhani ni tamaa ya matairi makubwa, kumbe mwenzangu alikuwa na hofu na hajui aipeleke wapi. Akaipeleka yadi. Nilikasirika bado, kwa sababu milioni tatu ni milioni tatu, lakini nilihamia upande wake wa meza.

Basi tukaanza upya, safari hii wawili.

Kwanza, kwa nini dizeli. Sio ujiko. Tela linahitaji ule msuli wa kuzungusha magurudumu injini ikiwa bado haijapiga kelele, na dizeli inautoa mapema. Chukua Hilux hiyo hiyo: injini ya petroli ya lita 2.7 inatoa Nm 245 za msuli huo, tena mpaka injini ifike mizunguko 4,000 kwa dakika. Ya dizeli ya lita 2.4 yenye gia otomatiki inatoa Nm 400, na inaanza kuzitoa kwenye mizunguko 1,600 tu. Kwa tela la kilo 1,360 hiyo 2.4 inakutosha na chenji inabaki. Hatukuhitaji 3.2. Kama wewe unavuta boti kubwa au ng'ombe, hesabu yako ni nyingine, kapime.

Pili, na hapa ndipo nilipodai haki yangu, siku tano kati ya saba gari hilo halivuti chochote. Linanibeba mimi na mkoba wangu kwenye foleni ya Mwenge. Nikaweka sharti kwamba kila gari tunalojaribu nitaliendesha mwenyewe, saa kumi na moja jioni, sio saa nne asubuhi barabara ikiwa nyeupe kama dalali anavyopenda. Ya gia za mkono niliendesha saa moja na robo, mguu wa klachi ukaanza kutetemeka. Nikairudisha na kumwambia muuzaji asante. Pikapu ya milango minne ina urefu wa mita 5.3 hivi, na kwenye maegesho ya Posta pua lazima ichungulie njiani, kwa hiyo kamera ya nyuma kwangu sio mapambo. Ikiwa tupu inarukaruka kwenye matuta, maana springi zake za nyuma ni vyuma bapa vilivyotengenezwa kubeba tani. Mama mkwe alipanda mara moja wakati wa majaribio akaomba ashuke apande daladala. Nilimpenda sana siku ile.

Jambo la tatu lingetuponza. Kuna jamaa yetu aliagiza dabo kebini kutoka Uingereza, ndani safi kama sebule. Miezi minne tu, taa ya njano, gari limekosa nguvu, fundi anataka mamilioni. Dizeli nyingi za kisasa, hasa za Ulaya, zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Likijaa linatakiwa lijichome lenyewe kwa joto la nyuzi 600 hivi, na joto hilo linapatikana ukienda mwendo mzuri bila kusimama, dakika ishirini hivi. Mwanangu, kwenye barabara ya Bagamoyo jioni dakika ishirini bila kusimama unazipata wapi? Australia jambo hili liliwafikisha Toyota mahakamani, kwa ajili ya chujio za Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kule kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020. Kwa hiyo swali la kuuliza yadi kabla ya bei ni hili: gari limetoka nchi gani, na lina hilo chujio? Likiwa nalo na wewe ni mtu wa foleni, jiwekee utaratibu wa kulipeleka Chalinze mara kwa mara hata kama huna shughuli Chalinze.

Na akikuambia Hilux yake ya mwaka 2012 "ilikuwa ya Mjapani mzee aliyeitunza," cheka kwa adabu. Toyota waliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004, wakairudisha 2017, na hizo za 2017 zenyewe zinaundwa Thailand. Pikapu zenye usukani kulia zinatufikia sana kutoka Thailand, Afrika Kusini, Uingereza na huko Australia, na kila moja inakuja na tabia za kwao.

Sisi tuliishia kwenye Hilux ya 2.4 otomatiki iliyotokea Thailand, isiyo na chujio lile, rangi ya fedha ambayo baba watoto anaiita rangi ya serikali. Kaka alikwenda kuiona saa kumi na mbili asubuhi, injini ikiwa baridi, bila kumpigia simu dalali, kwa sababu dalali akijua unakuja anaiwasha mapema na moshi wa asubuhi huuoni. Moshi mweupe usiokata, injekta. Wa bluu, oili inaungua. Akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma kusikiliza kama inapumua vibaya. Akalala chini kuangalia fremu kama ina mshono wa kuchomelea, na akachunguza chuma cha kuvutia tela: kilichokwaruzwa sana kinakuambia maisha yaliyopita ya gari kuliko muuzaji. Dada zangu, wakati anafanya hayo msiende kupiga picha mmeegemea boneti. Simameni pale pale msikilize, gari ni lenu.

Fedha iliyobaki, kwa kuwa hatukununua ile kubwa, tukaipeleka kwenye tela. Tumefunga ekseli yenye breki zake: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, na kule kusukuma ndiko kunakaza breki za tela lenyewe. Hakuna waya wala kompyuta. Tukaongeza mnyororo wa usalama na taa mpya, na tukajifunza kupakia. Zamani tulikuwa tunatupa mabomba nyuma kwa sababu ndiyo yanashuka kwanza, kumbe ndiyo yaliyokuwa yanalichezesha tela. Sasa mzigo mzito uko mbele kidogo ya ekseli, ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito ilale kwenye gari. Hizo kilo 130 na ushee zinahesabika kwenye mzigo wa pikapu, kwa hiyo wale vijana watano wa kufunga turubai waliokuwa wanarukia nyuma tumewapunguza, wawili wanaenda na bodaboda. Wamenuna.

Mafuta? Foleni peke yake napata kilomita 9 kwa lita, nikivuta 7. Najaza kituo chenye magari mengi, maana dizeli iliyokaa ina maji, na injekta za siku hizi hazina msamaha na maji. Filta nabadilisha kabla ya muda wake. Kwenye mteremko naweka gia ya chini mwenyewe, siiachii otomatiki ijiamulie.

Kuhusu ile milioni tatu: yadi walirudisha moja na nusu baada ya mume wangu kwenda mara sita na mimi mara moja. Iliyobaki tumeiandika kwenye daftari la nyumba, kwa mwandiko wake mwenyewe, chini ya "ada ya shule." Paa la Mapinga limesogea mbele miezi mitatu. Makubaliano mapya ni kwamba chochote cha zaidi ya laki tano kinazungumzwa kwanza mezani, simu zikiwa zimefunikwa, na yanatuhusu wote, na mimi pia na vitenge vyangu vya jumla, ambavyo sikuwa nimevitaja.

Jumamosi iliyopita tulipata shughuli Goba tena. Juu ya mteremko baba watoto alisimamisha gari pembeni, akashuka, akazunguka tela zima akigusa mnyororo, taa, pini. Kisha akanirushia funguo. Nikashuka mimi, gia ya pili, taratibu, yeye ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili na binti yetu nyuma anamcheka. Kule chini tulisimama kwa mama ntilie tukanunua chapati kumi na mbili. Alitukumbuka. Alisogeza masufuria kwanza.