Kadi za mbao mbao: Mchezo unaisha wapi?

Tukubaliane kwanza: kadi si dhambi. Pakiti ya karata 52 haijawahi kumroga mtu, na mzazi anayezichana na kuzitupa jikoni akisema ni za shetani hajakusaidia kuelewa lolote. Kesho utaenda kucheza kwa kina beshte wako, na safari hii utajificha.

Lakini beshte anayekuambia "wacha uoga, ni mbao tu" naye hajakuambia ukweli wote. Mimi si mwalimu wala mhubiri, na chuo chenyewe sikumaliza. Ila naishi mtaani, na likizo zikifika naona ngazi za ploti zikijaa vijana wa miaka 14, 15, 16, kadi katikati na siku hizi sarafu pembeni. Watu wanauliza kama mchezo huu una madhara. Jibu langu ni kwamba una madhara, ila hayaanzii kwenye kadi, na mara nyingi hayaanzii hata kwenye ile mbao ya kwanza. Yanaanza siku mchezo unapokosa mwisho.

Nieleze. Chukua kadi ile tunayocheza kila mtaa Kenya. Ukirusha 2 au 3 jirani anaokota. 8 na kwini ni maswali, lazima yajibiwe. Jeki inaruka mtu, kingi inarudisha mchezo ulikotoka. Kabla ya kumaliza sharti useme "niko kadi", ukisahau imekula kwako. Ni mchezo wa akili. Unakufunza kukumbuka kilichochezwa, kusoma uso wa mwenzako na kuwa na subira. Bila pesa, ningekuambia cheza hadi giza liingie.

Na tumekuwa na adhabu zetu za mtaani. Aliyeshindwa anaamka, anampisha mwingine. Au anatumwa maji, anaosha sufuria, ananunulia wenzake chapati. Ziangalie hizo adhabu vizuri: zote zina mwisho. Sufuria ikishaoshwa umelipa, kesho mnaanza upya na bado ni mabeshte.

Pesa haina tabia hiyo. Aliyeliwa mbao hataki yaishe, anataka mbao yake irudi. Ile sentensi ya "ngoja nirudishe pesa yangu" ndiyo ya kuogopa, kuliko kadi zote 52.

Tufanye hesabu ya darasani kidogo. Mko wanne, uwezo wenu sawa, kila mtu anaweka shilingi 20. Pesa iliyo chini ni 80. Mkicheza siku nyingi, kila mmoja atashinda karibu raundi moja kati ya nne, na hakuna atakayetajirika wala kufilisika. Pesa itazunguka tu. Hapo yule wa "ni mbao tu" anaonekana ana pointi.

Sasa endelea. Ukiwa na nafasi moja kati ya nne, uwezekano wa kuliwa raundi 8 mfululizo ni karibu mmoja kati ya kumi. Raundi 8 zinaisha alasiri moja. Maana yake ukicheza likizo nzima, alasiri kama hiyo itakufikia, hata uwe fundi. Hujarogwa, hesabu ndiyo ilivyo. Na ukiwa wale wa "nirudishe pesa yangu", unaoongeza dau mara mbili kila ukipoteza, inakuwa hivi: 20, 40, 80, 160, 320, 640, 1,280, 2,560. Jumlisha. Ni shilingi 5,100. Ulianza na mbao, na hakuna aliyekuibia hata ndururu.

Hiyo ni kama mko sawa. Mara nyingi hamko sawa. Pale ngazini huwa kuna mmoja mwenye pakiti, amewazidi umri, hana shule ya kurudi Jumatatu na hana haraka. Au kuna wawili waliokuja pamoja wanaoonyeshana kadi kwa macho. Uwezo ukitofautiana hata kidogo, pesa inaacha kuzunguka. Inaelekea upande mmoja, polepole, na wewe unaita mkosi.

Bila shaka umewahi kuona pata potea pale steji au siku ya soko. Jamaa ana kadi tatu juu ya katoni, moja ndiyo ya ushindi, na kuna mtu mbele yako anashinda noti baada ya noti. Huyo anayeshinda ni mwenzake. Ukiweka zako, vidole vinafanya kazi yake, na nafasi unayodhani ni moja kati ya tatu inakuwa sufuri. Watu wazima wenye kazi zao hunaswa pale kila siku. Angalau yule wa steji humjui. Wa ngazini unamwita bro.

Kuna jambo lingine halisemwi sana. Mtu mzima akicheza mshahara wake, anacheza jasho lake, ingawa watoto wake ndio watalala njaa. Wewe wa miaka 15 huna mshahara. Kila shilingi unayoweka ina mwenyewe: ni nauli, ni chakula cha mchana, ni pesa ya karatasi za mtihani, ni chenji ya unga uliotumwa dukani. Ndiyo maana ukiliwa huna la kusema nyumbani.

Hapo ndipo madhara yanapojificha. Kijana anaanza kutembea kwa miguu kutoka shule, akiulizwa anasema matatu zilijaa. Kikokotoo "kimepotea". Bweni nako, mkate wa Jumamosi umewekwa rehani hadi mwisho wa muhula. Kisha kuna yule mwanafunzi anayekopesha 100 arudishiwe 150 Ijumaa. Mzazi akitazama haoni kamari. Anaona mtoto aliyekuwa mkweli ameanza uongo, na hajui kwa nini.

Na wewe unayeshinda, usidhani makala haya hayakuhusu. Unajua vizuri pesa ya nani iko mfukoni mwako. Unajua yule jamaa wa ghorofa ya pili hajala tangu asubuhi. Ukishaanza kumwangalia beshte wako ukihesabu amebakisha ngapi, urafiki umeisha hata kama bado mnagongana ngumi. Kushinda namna hiyo nako kuna hasara yake, ila haionekani haraka.

Wazee nao wasijifanye malaika. Mwaka 2017 utafiti wa GeoPoll uliohoji vijana wa miaka 17 hadi 35 katika nchi sita za Afrika ulikuta Kenya ikiongoza: asilimia 76 ya Wakenya waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza kamari. Hawakujifunza hewani. Tumekulia kwenye nchi ambayo redio inasoma habari, inasoma vifo, kisha inatangaza nani ameshinda jakpoti. Jezi za timu zetu zimewahi kubeba majina ya kampuni za kamari kifuani. Baba anayekuchapa kwa sababu ya kadi huenda ana mkeka wa mechi 13 kwenye simu yake.

Sheria ipo. Ya zamani ilikuwa ya mwaka 1966, na Agosti 2025 Rais alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Miezi michache kabla, mwishoni mwa Aprili, serikali ilikuwa imesimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Sawa. Lakini sheria haikai nawe pale ngazini, na kijana mwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha kakake hapungukiwi na njia.

Simu ndiyo inanifanya niandike leo. Ngazini mchezo bado una vikwazo: giza linaingia, mathe anaita, keyateka anawafukuza. Kwenye simu hakuna giza. Kuna kadi, kuna mpira, kuna kandege kanakopaa huku pesa ikiongezeka, na hakuna anayechoka upande ule mwingine. Tena kule pesa haizunguki kati yenu wanne. Mchezo wenyewe umepangwa ili kampuni ibaki na sehemu yake kila siku, ushinde usishinde. Kijana aliyezoea kusema "ngoja nirudishe pesa yangu" akiwa na miaka 15 anafika kwenye simu akiwa tayari ameiva.

Najua utaniambia: wasee wengi wamecheza kadi za pesa na hawajaharibikiwa. Ni kweli. Wengi huacha tu wakikua, wanapata kazi, wanasahau. Lakini kuna wanaoshindwa kuacha, na hilo si suala la tabia mbaya pekee. Mwaka 2013 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika mwongozo wao mkuu, waliuweka ugonjwa wa kamari kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Na sehemu ya ubongo inayokuambia "wacha, imetosha" huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mko wanne pale ngazini. Hakuna anayeweza kusema leo ni yupi kati yenu atashindwa kuacha, na hata mwenyewe hajijui.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kadi chezeni. Pesa itoeni. Mkitaka mchezo uwe na uchungu kidogo, rudisheni adhabu zinazoisha: maji, sufuria, chapati. Na pakitokea mmoja mwenye umri mkubwa anayesisitiza kwamba bila pesa hachezi, jiulizeni anatafuta nini kwa vijana wa shule.

Kama tayari una deni, usilicheze. Deni halilipwi kwa raundi nyingine, tumeshaona hesabu. Lihesabu lote, liandike mahali, kisha mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini: shangazi, mwalimu, kocha, yeyote asiyepiga kelele kwanza. Ukikosa mtu, piga 116, laini ya Childline Kenya. Ni bure. Utaona aibu dakika kumi za kwanza, lakini aibu hiyo ina mwisho, na deni la kufichwa huwa linazaa.

Wazazi mnaosoma hapa kisirisiri, nanyi msianze na kiboko. Mtoto akikuambia ameliwa 600 za nauli, hiyo ndiyo siku aliyoamua kuacha kukudanganya. Ukimpiga siku hiyo, hatakuambia akiliwa 6,000.

Na ukitaka kujua kama mmefika pabaya, fanyeni jaribio moja jioni ya leo. Ondoeni sarafu zote, mcheze raundi kumi za kawaida, aliyeshindwa anatumwa maji. Msicheke, mwangalie tu nani ananung'unika, nani anasema mchezo hauna ladha, nani anaamka kwenda kutafuta ngazi nyingine. Kama ni wewe, basi ongea na mtu kabla shule hazijafunguliwa. Kama ni beshte wako, mfuate. Usimwache aende peke yake.