Kura za Christchurch na Wilaya Iliyofutwa

Kila mwaka ninapofundisha mada ya serikali za mitaa, wanafunzi wangu huniuliza swali lile lile: wananchi wakikataa na serikali kuu ikataka, nani hushinda? Siku hizi huwajibu kwa habari za Christchurch, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uingereza, inapokutana mito Avon na Stour kabla ya kuingia baharini.

Kuanzia tarehe 1 Aprili 1974 Christchurch ilikuwa wilaya katika mkoa wa Dorset, ikiongozwa na halmashauri yake. Miaka mingi baadaye ukaletwa mpango wa kuzipunguza halmashauri 9 za eneo hilo zibaki 2. Christchurch ingeunganishwa na majirani wake wakubwa, Bournemouth na Poole. Sababu kuu ilikuwa fedha: tangu 2010 ruzuku za serikali kuu zilikuwa zimepunguzwa sana, na halmashauri kubwa iliaminiwa kuwa na gharama ndogo za uendeshaji.

Desemba 2017 halmashauri ya Christchurch iliwauliza wananchi wake kwa kura ya maoni. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walishiriki, na asilimia 84 walikataa muungano. Kisheria kura ile ilikuwa ya ushauri tu. Februari 2018 waziri aliidhinisha mpango. Halmashauri ikakimbilia Mahakama Kuu, nayo mwezi Agosti ikaitupa hoja yake. Tarehe 1 Aprili 2019, miaka 45 kamili tangu kuanzishwa kwake, wilaya ikafutwa.

Sidai kwamba kuunganisha halmashauri ni kosa. Nchi isiyoweza kubadili mipaka yake ya utawala hujifunga pingu yenyewe. Tena Christchurch nayo ilikuwa zao la kalamu ya Bunge: sheria ya 1972 ndiyo iliyouhamisha mji huo kutoka Hampshire kwenda Dorset. Mpaka uliotetewa kwa nguvu mwaka 2017 haukuwa wa kale hata kidogo.

Hapo ndipo penye fundisho. Wananchi hawakutetea ukale, walitetea ukaribu. Halmashauri yao ilikuwa na madiwani 24 waliojua mitaa ya mji huo. Halmashauri mpya ina madiwani 76 kwa miji yote mitatu, na wale wa Christchurch ni wachache miongoni mwao. Hata kama fedha imeokolewa, sauti imepungua, na upungufu huo hauonekani katika hesabu za mkaguzi.

Ndugu msomaji, watawala hupenda kutuambia kwamba uamuzi wa kitaalamu hauhitaji ridhaa. Mimi, niliyeutumia umri wangu katika utaalamu, nasema kinyume. Mtaalamu anaweza kukokotoa gharama ya halmashauri; hana kipimo cha kumwambia raia anayepaswa kumtambua kiongozi wake ni yupi. Swali hilo ni la raia mwenyewe. Asipoulizwa, ameonewa. Akiulizwa, kisha jibu lake likawekwa kando, amefundishwa kwamba kupiga kura ni kazi bure, na somo hilo hulibeba hadi uchaguzi unaofuata.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanafunzi ni hili: kwa sheria, serikali kuu ilishinda. Lakini ushindi unaomfanya raia abaki nyumbani siku ya kura una gharama, na gharama hiyo hulipwa na demokrasia.